Jengo Lililopiga Nduru Kondele

Mwanangu, siku ile mimi huikumbuka kwa sauti kwanza, ndipo sura za watu zinapofuata. Nilikuwa mchoraji wa majengo, nimetoka chuo kikuu juzi tu, na wazee wakisema neno mimi nilidai ushahidi. Kuuliza si vibaya. Hata leo nauliza.

Mjane mmoja, Mama Adhiambo, alitaka jengo la ghorofa tatu mtaani Kondele, si mbali na ziwa: maduka chini, vyumba vya kupangisha katikati, na yeye mwenyewe juu. Aliuza samaki ufuoni Usenge tangu usichana, na jengo hilo ndilo lingemlisha uzeeni. Mimi nilitaka lionekane kutoka mbali. Nikabuni pazia la mabomba ya chuma, wima, meupe, wazi juu, mbele ya kila ghorofa. Pesa hazikutosha. Basi nikazibana ngazi, zikawa nyembamba na za mwinuko mkali, bila chuma cha kushikilia.

Fundi mkuu, Mzee Ochieng', aliutazama mchoro kwa muda.

"Bwana injinia, hii mabomba inafanya kazi gani?"

"Urembo, Mzee."

"Na mama akiwa na mtungi ya maji, hii ngazi atapanda namna gani?"

"Polepole."

Vibarua walicheka. Yeye hakucheka. "Basi ziba hizo mabomba huko juu. Upepo ya ziwa ikipata mdomo, itaongea."

Nikamwuliza amesoma hilo katika kitabu gani.

Wiki ya kwanza ya wapangaji, mchana, upepo ulipopanda kutoka ziwani, jengo lilipiga nduru. Sauti nyembamba, ya kike, ikipanda na kukatika, kama ya mtu aliyekuta maiti mlangoni. Kwetu nduru haisikilizwi mtu akiwa ameketi. Wauza nyanya waliacha meza zao, watu wa boda wakaacha pikipiki, wakaja mbio, wengine mikono kichwani. Walifungua kila mlango. Hakuna aliyekufa. Kesho yake, saa zile zile, tena. Siku ya tatu walikuja wachache. Baada ya mwezi hakuja mtu.

"Hiyo nyumba inalia matanga," muuza nyanya mmoja aliniambia. "Bado haijasema ya nani."

Nilicheka, lakini tangu siku hiyo nikawa nakwenda pale asubuhi tu.

Alasiri moja Mama Adhiambo aliniita. Nikamngojea katika duka la chini, nikinywa soda. Upepo ukaanza, na nduru pia.

"Leo iko na sauti ya mtu kabisa," mwenye duka alisema, akinirudishia chenji. Tukacheka.

Kisha upepo ukatulia. Mifuko iliyoning'inia mlangoni ikalegea, haikutikisika tena. Sauti iliendelea.

Nilitoka mbio, nikamkuta Mama Adhiambo kwenye zile ngazi, mguu umekunjika chini yake, maji ya mtungi bado yakishuka kidato kwa kidato. Hakuwa akilia tena. Alinitazama kwa utulivu ulioniogopesha kuliko nduru yenyewe.

"Niliita. Mlinisikia?"

"Tulikusikia, Mama."

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawasemi kwamba guu hilo laweza kuwa la mwingine. Mama Adhiambo hakupanda tena ghorofa yake. Alihamia chumba cha nyuma ya maduka. Mzee Ochieng' alikuja na vizibo vya mbao, akaziba bomba moja baada ya jingine bila kunisema. Alipomaliza tu ndipo aliponiambia, "Wewe ulianza na macho ya mpita njia. Anza na mguu ya mwenye nyumba."

Basi, mwanangu, ukishika kalamu, anza na ngazi, maji, hewa na kivuli. Pesa ikipungua, punguza pambo, usipunguze usalama. Uzuri usiuache, maana watu hawapendi kuishi ndani ya boksi. Ila kila pambo liulize litafanya nini jua likiwaka na upepo ukivuma. Na fundi akikuonya, mwulize ameona wapi, kisha nyamaza umsikie.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio zito kwa sifa. Nyumba utakazojenga ziwe kimya, na atakayeita ndani yake aitikiwe.