Kanzu Iliyoshika Wekundu

Wiki iliyopita, hapa kwangu Kiembe Samaki, nilifungua mashine ya kufulia nikakuta kanzu nyeupe ya mume wangu imegeuka rangi ya waridi. Kanga mpya nyekundu nilikuwa nimeitia humo humo, uvivu tu. Nikakaa chini, mawazo yakanirejesha Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, nilikolelewa na bibi.

Bibi alikuwa hodari wa nguo nyeupe. Alizifua kwa mkono, akazisuuza kwa maji ya buluu, akazitia wanga, na mwenyewe akinukia sabuni ya mche na udi. Kanga mpya haikuchanganywa na nguo nyingine mpaka ilale kwenye maji ya chumvi. Jirani yetu wa chini yeye alikuwa na mashine, na ikizunguka tuliisikia mpaka juu. Usinicheke, msomaji wangu: ile mashine niliionea wivu mpaka nikakosa raha. Binti wa jirani, umri wangu, alijua hivyo na alijishaua nayo.

Asubuhi moja jirani akapanda ngazi mbio, ameshika kanzu ya harusi ya kaka yake, imejaa wekundu wa kanga.

"Shikamoo, bibi. Nifae, ndoa kesho!"

"Marahaba. Usiianike! Ikishakauka hivyo, basi tena."

Nilifurahi, sikufichi. Nikasema moyoni, wakome na mashine yao. Lakini bibi akateremka naye. Nilipowafuata uani, kanzu ilikuwa imesuguliwa ndimu na chumvi, imetandazwa juani ingali mbichi, binti wa jirani anainyunyizia maji isikauke na bibi kamshika mkono akimwelekeza. Anamwita "mwanangu". Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa hivyo!

"Njoo nawe unyunyize," bibi akaniita.

"Sitaki. Tumbo laniuma."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, akairudia kanzu. Kufika alasiri kanzu ilikuwa imetakata.

Tangu hapo, kila mashine ilipowashinda, nguo zikatoka na uvundo au sabuni ikaganda kwenye mikunjo, bibi aliitwa chini, na binti yule akawa ubavuni pake. Mimi nilibaki juu, nimenuna.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Nyumba ile sasa ni hoteli, uani pamewekwa meza za wageni, hapaanikwi hata leso. Na mimi, kanzu mkononi, sikuwa na wa kumwuliza ila yule binti. Nikampigia simu. Akanieleza taratibu, ndimu ngapi, chumvi kiasi gani, jua la saa ngapi, akivuta maneno vilevile kama bibi.

"Na usiiwache ikakauka," akamalizia. "Bibi yetu alikuwa hataki kabisa."

Nikamshukuru. Kanzu imetakata, mume wangu kaivaa Ijumaa. Lakini lile "yetu" limenikaa kooni, na siwezi kumwambia si lake, kwa sababu alinyunyiza yeye.