Kizingiti cha Leonsia

Leonsia hakuwa akinywa chai kazini. Wiki nzima ya kwanza katika jengo letu jipya, birika lilipopita alifunika kikombe chake kwa kiganja na kuendelea kuchora kitambaa kwa chaki. Wenzake walidhani amefunga. Lakini choo kilikuwa nje, na kati ya Leonsia na choo kulikuwa na mlango.

Ulikuwa mlango mzuri. Kwa miaka mingi ushirika wetu wa kushona pale Lusahunga ulifanya kazi chini ya turubai kando ya barabara ya Rusumo, vumbi la malori likitua kwenye mashati meupe ya shule. Tulipopata jengo, mwenyekiti wetu, Deodata, alitaka mlango ambao dereva angeuona akiwa bado mbali: vioo vitupu, fremu ya aluminiamu, wa kuserereka pembeni bila kelele. Fundi Nduwayo aliufunga vizuri. Ila chini aliinua kizingiti cha zege, kimo cha kiganja, ili maji ya mvua yasiingie, na juu yake akalaza reli ya mlango, yenye kingo za bati zilizosimama wima. Mwenye miguu huvuka hapo bila hata kutazama. Kitimwendo kama cha Leonsia kina magurudumu madogo mbele. Yakikutana na reli hunasa, na aliyekaa hutangulia kwa uso.

Leonsia alilisema jambo hilo zege likiwa bado bichi. Deodata alicheka, tena kwa upendo.

"Dada yangu, hilo nalo la kukukosesha usingizi? Watu wapo. Tutakubeba."

Msomaji asimwone Deodata kuwa mtu mbaya. Wengi wetu pale tumetoka Ngara, na tulikuja na ingobyi yetu, machela ya fito na kamba ambayo watu wanne huiweka begani kumpeleka mgonjwa hospitali au marehemu makaburini. Kila kaya hutoa mabega yake, na asiyebeba habebwi. Siku hizi kuna bodaboda, na gari la wagonjwa hupita kwenye lami, lakini chama cha ingobyi kipo, na kiongozi wake ni mzee Renatus. Leonsia mwenyewe alibebwa hivyo utotoni kule Murusagamba, alipougua homa iliyomwachia miguu isiyosimama. Walimshusha mlima na kumpandisha mwingine hadi zahanati, mvua ikiwanyeshea. Kwetu, kumbeba mtu ndio upendo wenyewe. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kuukataa.

Basi kila asubuhi mzee Renatus alileta vijana kutoka kijiwe cha bodaboda, wakamnyanyua Leonsia pamoja na kiti chake huku wakiimba. "Taratibu jamani, bibi harusi huyo!" Madereva wa malori walipiga honi. Jioni hivyo hivyo. Katikati ya siku akibanwa, ilibidi mmoja wetu atoke na kupaza sauti kuelekea kijiweni: "Njooni, Leonsia anataka kutoka!" Njia panda nzima ikajua anakwenda wapi. Ndipo alipoacha chai. Kisha akaacha na maji.

Jumatatu ya wiki ya pili tulimkuta ametangulia. Alikuwa amekiweka kiti chake mbele ya mlango, ubavu kwa ubavu na kizingiti, amekaza breki, ametandaza kitambaa magotini.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Renatus.

"Marahaba, mwanangu. Tuinue?"

"Leo msiniinue."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Hilo ndilo ninalotaka mlione. Ingobyi ni ya mgonjwa na ya marehemu. Nitazame vizuri, mzee, uniambie mimi ni yupi."

Deodata akaja mbio, funguo mkononi. "Leonsia, sogea, watu wafanye kazi."

"Nitasogea nikiwa na njia ya kwenda. Mimi siingii, basi tukae wote nje. Turubai si tunalijua?"

Utingo mmoja akachungulia kutoka kwenye lori lililoegeshwa. "Mama, hapo kwenye geti lako ushuru ni kiasi gani?"

"Kizingiti kizima!" Leonsia akamjibu, na utingo akacheka hadi akajigonga kichwa.

Mzee Renatus hakucheka. Alikuwa ameumizwa, na mtu aliyeumizwa katika wema wake husema neno kali. "Anayekataa mabega ya watu leo," alisema polepole, "siku yake ya mwisho ataondoka na nini? Na hicho kiti?"

Kwetu hakuna neno zito kuliko hilo. Nilimwona Leonsia akiifumbata chaki ndani ya ngumi, kisha akainua uso.

"Mzee, mikanda ya begani ya ingobyi, nani aliishona?"

"Wewe."

"Ilipokatika kwenye msiba wa mama yake Kezia, nani aliishona upya, watu wakisubiri?"

"Ni wewe, mwanangu."

"Basi nimeshabeba. Siku nikifa mtanibeba, ni haki yangu, na nitakuwa mzito makusudi. Ila chooni nakwenda mwenyewe."

Mtu mmoja akaangua kicheko, kisha wote. Deodata peke yake alibaki amekunja uso. "Vioo hivi vimetoka Mwanza, Leonsia. Unataka tubomoe sakafu mpya kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Ndiyo."

Nimeifikiria mara nyingi "ndiyo" ile. Wengi wetu tungeiongezea samahani, tungeeleza, tungeahidi kutosumbua tena. Yeye hakuongeza kitu. Alirudi kwenye kitambaa chake, na kitambaa hakikatiki vizuri magotini. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na mkono wa kukata sare kwetu ulikuwa wake tu. Kesho yake alikuwa palepale mlangoni. Mchana Deodata alimpigia simu Nduwayo.

Fundi alikuja amenuna. "Mvua ikiwaingilia msinitafute," alisema, akang'oa mlango na kuanza kugonga patasi. Vijana waliokuwa wakimbeba Leonsia sasa walibeba mchanga na kokoto, mzee Renatus akiwasimamia bila kuimba. Walikata kizingiti chote, wakaizamisha reli ndani ya sakafu. Nje walichimba mfereji wa kupokea maji na kuufunika kwa wavu wa chuma, wakalirefusha bati la paa kwa mbele, kisha wakamwaga mteremko wa zege, mrefu na mpole.

Zege lilipokauka, Nduwayo aliurudisha mlango na kufuta mikono. Leonsia akapanda mteremko. Magurudumu madogo yalifika kwenye reli, yakagota.

"Bado," alisema.

"Dada, umebaki ukingo wa kidole tu! Nimeuacha kwa ajili ya maji."

"Kwako ni kidole. Kwangu ni ukuta ule ule, umekonda tu."

"Wabebaji wanne wamekushindwa, sasa unanimalizia mimi?" Lakini aliung'oa mlango tena, akilalamika kwa Kirundi, na safari hii alipomaliza alipitisha kiganja chake sakafuni, kutoka kigae hadi reli hadi wavu, bila kukwama.

Leonsia akaingia. Hakuna aliyepiga vigelegele. Nadhani tuliona haya. Alifika kwenye meza yake, akageuza kiti, akatoka nje peke yake, akaenda huko alikokwenda, na hakuna aliyepaza sauti. Aliporudi, aliusukuma mlango kwa mkono mmoja, ukaserereka na kujifunga nyuma yake, mzee Renatus na vijana wake wakabaki upande wa pili wa kioo, mikono mitupu.

Birika lilikuwa linapita. Leonsia alisogeza kikombe chake katikati ya meza, juu ya vitambaa vya sare.

Deodata alimimina nusu, kwa huruma ile ile ya zamani, asije akabanwa.

"Jaza," Leonsia alisema.

Alikinywa chote akimtazama machoni, akakisogeza tena.

"Jaza."