Kichwa cha Atupele

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Kama huamini, nisikilize tu hadi mwisho.

Miaka ya sabini nilikuwa nesi katika hospitali moja ya misheni milimani, upande wa Mbeya, kule kunakolimwa pareto. Jina lake naliacha. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wa kifafa. Daktari, mzungu mmoja mpole, alikuwa na mashine ya kupima mawimbi ya ubongo: unambandika mtu nyaya kichwani, na kalamu nyembamba zinachora vilima vidogo vidogo kwenye karatasi ndefu. Vidonge vilikuwa haba, na watu waliazimana kadi za hospitali ili wavipate. Daktari akagundua kwamba kila kichwa kina mchoro wake.

"Kadi huazimwa," alisema, "kichwa hakiazimwi."

Basi kabla ya kumpa mtu vidonge nilimpima, nikalinganisha na karatasi yake ya zamani, nikaandika *ndiye* au *siye*.

Atupele alikuwa binti wa Tukuyu, mgonjwa wetu wa siku nyingi. Siku moja alifika hoi, ametembea usiku kucha, na vidonge vilikuwa vimemwishia wiki nzima. Nikampima. Mchoro haukufanana hata kidogo na ule wa zamani.

"Dada, ni mimi," alisema. "Si unanijua?"

Nilimjua vizuri. Kwa nini basi niliandika *siye*? Karatasi ilikataa, nami niliogopa kulaumiwa. Jioni ile, akirudi kwao mikono mitupu, kifafa kilimkamata akivuka mto. Nilikwenda kumzika.

Miezi ikapita. Mvua zilipoanza akaja mzee mmoja Msangu, mfugaji kutoka bondeni Usangu, amevaa koti kuukuu, ananuka maziwa ya mgando. Sikuwahi kumwona. Nikamwingiza chumba cha kupimia, ambacho hakikuwa na dirisha, nikafunga mlango, nikambandika nyaya, nikawasha.

Kalamu zilipoanza kuchora, niliinama kutazama. Mchoro ule niliujua kama mtu anavyojua mwandiko wa mama yake. Nikatoa karatasi ya Atupele kabatini, ile ya siku zake nzuri, nikailaza kando. Hakuna kilima kilichozidi wala kupungua.

Nikakimbilia mlango. Kitasa kilizunguka bure. Nikagonga, nikaita. Nje nilisikia wenzangu wakiongea na wagonjwa, wala hakuna aliyenijibu. Mara umeme ukakatika. Niamini mimi, kalamu ziliendelea kukwaruza gizani.

"Dada," mzee akasema kwa Kinyakyusa, lugha ya kwao Atupele, kwa sauti yake nzito ya kiume, "ni mimi. Si unanijua?"

"Nakujua," nikajibu.

"Basi andika."

Sijui nilikaa mle muda gani. Nilisali, nililia, niliusukuma mlango kwa bega mpaka likavimba. Kila nikinyamaza, naye: "Andika." Nilijua kuandika ni kukiri kwamba nilimfukuza nikimjua. Mwisho nikapapasa penseli, nikaandika *ndiye*.

Kalamu zikanyamaza. Taa ikarudi, mlango ukaachia wenyewe. Mzee alikuwa usingizini. Alipoamka aliniuliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kama nimemaliza. Nilipomsemesha Kinyakyusa, hakuelewa hata neno.

Karatasi zote mbili nilimpelekea daktari, nikamwambia kila kitu. Akazilinganisha mstari kwa mstari. "Hizi ni za mtu mmoja," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba uchovu na kukosa dawa huweza kuubadilisha mchoro wa mtu. Upimaji ule hatukuurudia. Mwezi ule ule niliacha kazi.

Leo naishi Uyole, na hata katika baridi ya Juni silali mlango ukiwa umefungwa. Wanangu wanadhani ni uzee.

Nawe, kama kazi yako ni kuwauliza watu wao ni nani, nakuonya. Mtu unayemjua akikuambia ni yeye, na karatasi ikakataa, usiikimbilie karatasi. Atarudi kukuuliza tena, na hujui atakuja na uso wa nani.