Kofia Iliyosubiri Uzi

Habari ilinifikia nikiwa sokoni Chake Chake, mkungu mdogo wa ndizi mkononi. Aliyenipigia simu alikuwa wifi wa yule bibi aliyekuwa akinishonea kofia, mwanamke ambaye kwa kawaida huanza na salamu ndefu, akauliza watu wa nyumbani, akauliza mvua ya huku kwetu, ndipo aingie kwenye lake. Safari hii alinisalimu mara moja tu, na mimi nikajua. "Maalim," akasema, "yule bibi yako wa kofia katutangulia. Tunamzika baada ya adhuhuri." Nilizirudisha ndizi kwenye meza ya muuzaji, nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikatafuta bodaboda ya kunipeleka Vitongoji. Tulimswalia, tukamzika, na kabla ya alasiri wengi wetu tulikuwa tumekwishatawanyika. Mazishi yetu ni mepesi namna hiyo, na nadhani ndivyo inavyofaa. Lakini juu ya kabati la nyumba ile palibaki kofia ambayo haijaunganishwa, imefungwa ndani ya kitambaa safi, na hiyo ndiyo iliyonikalia moyoni tangu siku ile.

Hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu. Ujamaa wetu ulikuwa wa kichwani, kama alivyopenda kusema mwenyewe, kwa kuwa ni yeye aliyenishonea kofia zangu zote za Idi tangu nilipokuwa mwalimu kijana wa skuli. Kwa msomaji ambaye hajapata kukaa na washonaji, nieleze kidogo. Kofia ya viua hushonwa vipande viwili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Vyote viwili hujazwa maua kwa sindano na uzi, na ndani ya maua hayo hutobolewa vitundu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi wake ili kisifumuke. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi, kwa sababu mshonaji hushona baada ya kupika, baada ya shamba, baada ya wajukuu kulala mchana. Mwisho kabisa ndipo vipande viwili hukatwa kwa kipimo cha mwenye kichwa na kuunganishwa. Kipimo chenyewe marehemu alikichukua kwa uzi. Aliuzungusha kichwani, akafunga fundo pale ncha zilipokutana, akauviringisha kwenye njiti ya ukuti na kuuweka. Utepe wa kupimia aliuona kwa mafundi cherehani, lakini hakuutaka. Alisema uzi unakaa kichwani kama kofia itakavyokaa, na utepe unakaa kama utepe.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na huyo yuko Uingereza. Aliondoka kijana, akapata kazi kwenye ghala, akaoa huko huko, na kila mwaka alisema mwaka huu nakuja. Sitaki msomaji amwone mtu mbaya, kwa sababu si mbaya. Alipiga simu kila Ijumaa. Alimjengea mama yake choo cha ndani na kumwekea tangi la maji. Lakini ruhusa kazini ilikuwa ikisogezwa, watoto wakiugua, nauli ikipanda, na mwaka ukipita. Katika miaka hiyo ndipo alipomtumia mama yake zawadi iliyoanzisha haya yote, shali ya sufu, nzito, ya rangi ya majani makavu ya mkarafuu. Nilikwenda kuchukua kofia yangu nikamkuta ameivaa barazani, jasho linamtiririka.

"Unaumwa, Bi mkubwa?" nikamuuliza.

"Siumwi. Mwanangu kaona joto la Pemba halinitoshi, kanitumia jingine." Wifi yake, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alicheka mpaka ungo ukataka kumponyoka. "Cheka wewe," marehemu akamwambia, "hukutumiwa hata leso." Kisha akanipa kipande cha karatasi ngumu kilichokuwa kimefungwa kwenye shali kwa uzi wa sufu ile ile. "Hebu nisomee, Maalim. Kiingereza hiki."

Nikasoma. Palikuwa na jina la mwanamke, jina la mji wake mdogo ulio kando ya bahari, na maneno machache ya kalamu: kwamba shali ile ameifuma nyumbani kwake kwa mikono yake mwenyewe, kwa mapenzi, kwa ajili yako. Nilimfasiria neno kwa neno. Akauliza, "Kanijuaje?"

Hapo nikafanya kazi niliyoifanya maisha yangu yote, nikaanza kufundisha. Nilimwambia kwamba kule Uingereza viwanda vilikwishakula kazi za mkono zamani sana, na sasa kuna watu, wengi wao wanawake, ambao wameamua kuzirudia. Mmoja hufuma, mwingine hushona magauni, mwingine hufinyanga vikombe au hutengeneza kadi za harusi. Hawana kampuni kubwa. Hufanyia kazi kwenye chumba cha nyumbani, huuza kwenye vibanda mwisho wa wiki na kwenye mtandao, na kila kitu hukifungia karatasi kama ile ili mnunuzi ajue kimetoka mkononi mwa nani. "Kwa hiyo hakukusudii wewe hasa, Bi mkubwa," nikamalizia. "Humwandikia hivyo kila anayenunua. Ni biashara."

Aliichukua karatasi, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya wino. "Hii imepigwa chapa?"

"Hapana. Ameandika kwa kalamu."

"Basi alipokuwa akiandika hii, alikuwa akimwandikia nani?"

Yeye akaendelea, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mwanafunzi mzito. "Mtu kaniambia jina lake. Kaniambia kwao. Kaniambia kanifanyia kwa mapenzi. Hiyo kwetu ni salamu, Maalim. Sasa mimi nitakaa na salamu ya mtu bila kuijibu? Nitalalaje?"

Ndivyo alivyoamua kumshonea kofia mfumaji wa Kiingereza asiyemjua. Wifi yake alimkumbusha kwamba yule ni mwanamke, na kofia za viua ni za wanaume. "Hana baba?" akajibu. Mwanawe alipopiga simu Ijumaa iliyofuata akapewa amri: amtafute aliyeifuma shali, amuulize kama ana baba au mume, na amletee kipimo cha kichwa. Kijana alicheka, lakini alitii. Akamwandikia yule mfumaji kupitia ukurasa wake wa mtandaoni, na haikupita siku nyingi akamtumia mama yake kipimo kwenye simu, kwa sentimita. Wifi alimsomea. Marehemu akasema, "Namba? Nikashone namba? Mwambie alete uzi."

Na uzi ukapatikana. Yule mfumaji, ambaye naye kazi yake ni nyuzi, alielewa haraka kuliko sisi. Alikata kipande cha sufu ile ile ya shali, akakizungusha kwenye kichwa cha baba yake, akafunga fundo, akakipeleka kwa posta mpaka nyumbani kwa kijana. Kijana akampigia mama yake kumwambia, uzi ninao, nakuja nao mwenyewe Idi. Marehemu akaanza kushona siku ile ile. Aliushona ukanda kwa urefu unaozidi kichwa chochote na duara kwa upana wa ziada, ili uzi ukifika ibaki kukata na kuunganisha tu. Nimeziona kofia zake nyingi, na hakuna iliyofikia ile. Idi ikapita. Idi ya pili ikapita. Kofia ilikuwa tayari juu ya kabati, vipande viwili, na uzi ulikuwa kwenye droo ng'ambo ya bahari.

Nilikuwa namjua kijana wa Chake anayerudi kutoka Uingereza kwa likizo, nikamwendea marehemu kumpa habari njema: tumwagize huyu auchukue uzi kwa mwanao, wiki ijayo utakuwa mkononi mwako. Nilidhani atafurahi. Alikuwa amekaa na macho yake yaliyokwishachoka, sindano mkononi, hashoni kitu. "Usimwambie mwanangu," akasema.

"Kwa nini, Bi mkubwa? Si umeungoja muda wote huu?"

"Uzi ukija peke yake, yeye hatakuja."

Kisha akaniuliza habari za mvua ya Chake, kama wifi yake afanyavyo, na hatukulizungumza tena.

Niruhusu hapa nitoke kidogo nje ya nyumba ile. Pale sokoni kwetu siku hizi kofia zimejaa, za mashine, zinazoletwa kwa makontena, na viua vyake vimepangwa sawa kuliko vya mkono wowote. Sizidharau. Kijana anayetafuta kofia ya kuswalia Ijumaa ana haki ya kununua anayoiweza. Lakini nimemsikia muuzaji akimwambia mteja, "Zote kofia, yakhe, hii na ile ya Vitongoji hazina tofauti," na mteja hakuwa na la kumjibu, kwa sababu hakuna karatasi inayomweleza. Zamani hatukuhitaji karatasi. Mtu aliingia msikitini na kofia mpya, na mzee wa safu ya nyuma akasema, huo mkono wa mke wa fulani. Jina lilikuwa limeshonwa ndani ya macho ya watu. Sasa macho yale yanaondoka moja moja, kofia zetu zinanunuliwa na wageni wasiotujua, na waliozishona wanabaki kuitwa "wanawake wa Pemba". Wale wafumaji wa Uingereza walipoteza kazi zao za mkono kabla yetu, na nadhani ndiyo maana wamejifunza kabla yetu kufunga jina kwenye kitu. Mimi nililiona hilo kama ujanja wa biashara. Ilibidi mwanamke asiyejua Kiingereza anionyeshe kwamba ni mtu anabisha hodi.

Yule mwana wa Uingereza alifika asubuhi ya hitma, siku ya kumsomea mama yake Kurani. Ndege ilimshusha tukiwa tumeshaanza kusoma, akaingia na begi moja dogo, akakaa nyuma. Watu walipokwisha kula na kupungua, akatoa kwenye mfuko wa shati bahasha iliyochakaa pembe. Ndani yake mlikuwa na uzi wa rangi ya majani makavu ya mkarafuu, na fundo lake.

"Maalim," akaniambia, "nyinyi mlikuwa mnaonana. Kwa nini hakuniambia niutume? Watu wanakuja Pemba kila mara. Ningempa yeyote."

Nilimtazama shangazi yake, yule wifi wa marehemu. Shangazi akautazama mkeka. Nilifikiri kumficha, kisha nikaona kwamba mtu aliyesafiri umbali ule hastahili kupewa uongo wa adabu. Nikamwambia maneno ya mama yake kama nilivyoyasikia.

Aliinamia uzi ule muda mrefu, na sisi tukamwacha. Mwishowe shangazi yake akainuka, akashusha kitambaa juu ya kabati, akakifungua mbele yake. "Usiuroweshe uzi wa watu," akamwambia taratibu. "Haya, shika mkasi."

"Mimi, shangazi?"

"Kwani kuna nani mwingine? Macho ya mama yako yalipoanza kuchoka, nani alikuwa akimtungia uzi sindanoni kabla hajakwenda skuli? Vidole hivyo umevipata wapi?"

Akakata kwa kipimo cha fundo. Akaanza kuunganisha. Shangazi alikuwa amekaa ubavuni mwake, na kila baada ya hatua chache alimsimamisha. "Huo mshono wa gunia la karafuu. Fumua." Akafumua. "Sasa afadhali, gunia la mchele." Mtu mmoja akacheka, na yeye mwenyewe akacheka, machozi bado yako shavuni. Alasiri ilipoadhiniwa kofia ilikuwa imekamilika. Mshono wake umepinda upande mmoja, na mtu yeyote anayejua kofia ataona kwamba mkono ulioshona maua si ule uliounganisha. Tuliuzungusha uzi ndani ya ukingo wake. Ncha zilikutana penye fundo.

Kisha kijana akaniomba niandike karatasi. Niliandika kwa Kiingereza, na Kiswahili juu yake, kwa kalamu. Niliandika jina la marehemu kamili, na la baba yake, na la kijiji chake na kisiwa chake, jambo ambalo halijapata kufanyika kwa kofia yoyote aliyoishona katika uhai wake. Chini yake nikaandika kwamba kofia hii imeunganishwa na mwanawe. Msomaji atanisamehe kwamba jina la marehemu silitaji hapa. Limefungwa mahali pake, kwa uzi wa sufu, na limekwishasafiri.

Kwa wanawake wanaoshona na kusuka na wanaosoma safu yangu hii, ninalo ombi dogo. Andikeni majina yenu. Kipande cha karatasi kinatosha, na kama hamna wa kuwaandikia, nifuateni Chake, kalamu ninayo. Na sisi wengine, tulio mbali na walio wetu kwa bahari au kwa shughuli tu, tusikiweke kwenye droo kile tulichokusudia kukipeleka wenyewe. Kuna mtu anakisubiri, na huenda si hicho anachokisubiri. Katika karatasi ile, neno la kwanza kabisa nililoliandika, kabla ya jina na kabla ya kijiji, lilikuwa lile ambalo marehemu alitaka kulisema tangu siku ya shali: Waalaikumu salamu.