Nimeambiwa Nikae Nje Kwenye Msiba wa Dada Yangu

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka sabini na mitatu, naishi Kihesa, Iringa. Nilipozaliwa waliniita mtoto wa kiume, lakini tangu utotoni najijua kuwa ni mwanamke. Juzi amefariki rafiki yangu, ambaye kwangu alikuwa dada, na mimi nimekwama.

Tulijuana miaka ya sabini huko karibu na Igowole, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tukichuma pareto pamoja. Wanaume wakinitania naolewa lini, yeye aliwajibu, "Leteni ng'ombe kwangu kwanza, na najua hamna." Wanacheka, nacheka, tunaendelea kuchuma. Baba yangu alikufa hasemi nami, lakini kwenye shamba lile nilikuwa mtu.

Kwetu msibani wanawake hukaa ndani na mfiwa, wanaume hukaa nje kwenye moto. Mama wa rafiki yangu huyo alipofariki nilisimama uani, sijui niende upande gani. Akatoka, macho yamevimba, akakata doti yake ya kanga. Kipande kimoja akanifunga kiunoni, kingine akajifunga mwenyewe. Akanishika mkono mpaka mkekani, akawaambia wanawake, "Sogeeni kidogo, dada yangu apate pa kukaa." Bibi mmoja akaguna, kisha akasogea. Tangu siku ile kila msiba nilikaa ndani, nikapika na kulia na wenzangu, na hakuna aliyeuliza tena.

Leo mwanaye mkubwa amenipigia simu. Huyu nilimbeba mgongoni, alikuwa akiniita mama mdogo. Amesema, "Mzee, tunazika kesho. Uje, ila ukae nje na wazee wenzako. Watu wa kanisani watakuwepo, usitutie aibu." Akaniambia nikachukue mzigo stendi. Nimeufungua, ni koti la marehemu baba yake. Kwenye simu nilimwambia tu, "Pole, mwanangu."

Koti liko kitandani. Kanga nayo nimeitoa sandukuni, maua yake yamefifia, pindo alilolishona yeye bado limeshika. Nikivaa koti nitamzika kama jirani wa mbali. Nikifunga kanga huenda wakanitoa mbele ya jeneza lake. Kutokwenda kabisa siwezi, nimejaribu kulifikiria hilo nimeshindwa.

Nawaulizeni ninyi, wanangu, maana aliyekuwa akinisogezea nafasi ndiye tunayemzika. Kesho nivae kipi?