Matawi Barabarani

Mume wangu alinifundisha kuendesha gari katika miaka ya themanini, na wallahi nusura tuachane. Wimbo wake ulikuwa mmoja: ukikutana na hatari usikanyage breki ukaganda nayo, kwa sababu tairi zikifunga usukani hausikii. Legeza mguu, kata, na macho yatazame unapotaka kupita, si kile unachokiogopa. Nilimwona msumbufu tu.

Asubuhi moja nilikuwa nikitoka Mwakirunge, mama yangu kakaa nyuma amempakata binti yangu mdogo. Barabara ya changarawe iliteremka kuelekea kona, na kushoto kulikuwa na timbo, shimo refu lililoachwa na wachimba mawe. Mbuzi walijaa katikati ya njia wakitafuna. Nikapiga honi, nikawatukana wao na mwenye mbuzi, wakaondoka. Nikaongeza mwendo kwa hasira.

"Mwanangu," mama akasema, "mbuzi wale walikuwa wakila nini kati ya ndia?"

Matawi! Gari likiharibika, dereva hutandaza matawi nyuma yake kuwaonya wanaokuja. Tulikuwa tumeshaingia kwenye kona, na mbele yetu lilisimama lori la mawe, miguu ya mtu imetokeza chini yake.

Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likaserereka moja kwa moja kuielekea ile miguu. Nikazungusha usukani kulia, halikugeuka. Kuachia breki wakati ule kulikuwa kama kumwachia mtoto mkono sokoni, lakini niliachia, macho nikayakaza kwenye shamba la muhogo ng'ambo ya barabara. Gari likakata, likapita ubavuni mwa lori karibu ligusane nalo, likavunja mihogo na kuzima.

Mtoto alilia. Mzima. Yule mtu akatambaa kutoka uvunguni.

"Dada, hukuona matawi?"

"Mbuzi wameyala!" nilimfokea.

Hapo tukasikia lori jingine likishuka kutoka tulikotoka. Mama akanipakatisha mtoto, akashuka, akavua leso ya kichwani na kukimbia kupanda mteremko akiipunga. Mama yangu, ambaye hata shemeji zake hawakuwahi kuziona nywele zake. Akapotea nyuma ya kona. Breki zikalia, kisha kimya.

Nilitaka kumfuata. Mkono mmoja ulimshika mtoto, wa pili ulikataa kuachia usukani. Nikamwita, nikamwita tena, mpaka nikamwona akija, mvi zake wazi, na dereva na utingo wake wakimfuata kwa mbali, wameinamisha macho.