Mama Fiti na Kifua cha Baba Yake

Neno lenyewe ni la Kiingereza, lakini Mama Fiti alilichukua akalilea mpaka likasahau kwao. Chai ikikolea sukari, fiti. Mkutano ukiisha mapema, fiti. Mgonjwa akinyanyuka kitandani, fiti. Na mkwe akija na adabu zake, fiti kabisa! Hata jina alilopewa na wazazi watu walishaliweka kando.

Kwenye nguo tu, maana alikuwa fundi cherehani, ndiko alikokuwa bahili nalo. Nguo haikutoka mlangoni mwake mpaka mwenye nguo akae kwenye stuli, anyooshe mikono kama anayetafuta kitu juu ya kabati, kisha ainame kufunga kamba za viatu. Fundi huyo humzunguka taratibu, pini zimebanwa midomoni. Akiridhika huzitemea kiganjani na kutamka, "Fiti." Akikosa kuridhika, hata uwe nani, nguo inarudi mezani.

Siri yake ilikuwa kupima watu wakicheka. Mtu yeyote akiona futi ya kupimia, hujibana. Anavuta tumbo, anazuia pumzi, na mwishowe nguo inashonewa mtu ambaye hayupo. Kwa hiyo Mama Fiti alikuwa akikuzungushia futi kiunoni huku akikuuliza kwa upole, "Mkuu, tumbo umeliacha nyumbani? Kalilete, nalo linataka suruali." Unacheka, tumbo linarudi mahali pake, futi inasema kweli. Ufundi huo alifundishwa na baba yake, aliyeshona kwenye chumba hichohicho miaka thelathini kabla ya kumwachia cherehani.

Baba huyo sasa alikuwa ameugua karibu mwaka mzima. Amekonda hadi saa yake ya mkononi ilikuwa ikipanda na kushuka ipendavyo. Lakini ukimuuliza hali, anajipiga kifua na kujibu, "Fiti!" Kisha anasubiri ukate kona ndipo akohoe. Jumamosi kitinda mimba wake alikuwa anaolewa, na mzee ndiye wa kumwingiza ukumbini. Alitaka suti mpya.

"Na usinishonee kama mgonjwa," alionya.

Jumatatu Mama Fiti akamzungushia futi. Mzee akatuna kifua kama jogoo. Binti akarusha ule mzaha wa tumbo.

"Huo nilikufundisha mimi," mzee alisema, pumzi ikiwa ndani.

"Haya, hiki kifua ni chako au umeazima?"

"Na huo pia."

Mizaha yote ilikuwa yake, utamchekesha kwa lipi? Mama Fiti alijua kabisa kwamba futi inadanganya, lakini utamwambiaje baba yako? Akaandika vipimo vilevile, akashona vilevile. Ndilo kosa alilolifanya, na alilifanya macho makavu.

Ijumaa asubuhi mzee akalijaribu koti. Mabega yalianguka, mikono ikameza vidole. Alipojiona kwenye kioo akatuna tena, na kwa muda koti likajaa.

"Fiti," alisema kwa sauti ya kubanwa. "Si unaona?"

Mama Fiti alizunguka mara moja, akazunguka ya pili. Aliwaza safari ya kesho kutoka mlangoni hadi mbele ya watu wote. Pumzi hiyo itafika? Ikikatika katikati je, mzee akaanguka mikononi mwa bibi harusi? Akatema pini.

"Siyo fiti, baba."

Hakuwahi kumwambia hivyo tangu azaliwe. Mzee akamtazama, kisha akaiachia pumzi. Ilitoka, ikaendelea kutoka, na koti likamwangukia kama shuka. Akaketi kwenye stuli.

"Naogopa, mwanangu," alisema. "Mdogo wako akiniona hivi, atalia siku yake yote."

"Anajua, baba. Si ndiye anayekufulia mashati?"

"Anajua?"

"Mtaa mzima unajua. Muuza magazeti huwa anasimama pale konani anakungoja umalize kukohoa, ndipo apite, usije ukaona haya."

Mzee alikodoa macho. "Yule? Na mimi huwa namngoja yeye aondoke!"

Hapo kicheko kikamshika, kicheko hasa, mabega yakicheza na machozi yakimtoka. Mwaka mzima wanaume wawili wanangojana konani! Mama Fiti naye alicheka hadi akashika meza, lakini mikono yake haikupoteza muda.

"We mtoto, unanipima!"

"Cheka tu, baba. Bado bega."

Siku nzima alifumua na kushona upya.

Jumamosi, mlangoni pa ukumbi, muuza magazeti aliyekuja na shati jipya akamwita, "Mzee, vipi hali?"

Kifua kilianza kupanda kwa mazoea. Kikasita, kikashuka.

"Miguu haina nguvu leo," mzee alisema. "Njoo unishike upande huu. Binti yangu atashika ule."

Wakaingia watatu, polepole, watu wamesimama wanapiga makofi. Katikati ya safari bibi harusi akamnong'oneza baba yake jambo, na mzee akacheka kwa sauti mbele ya kadamnasi. Mabega yakatikisika na koti likatikisika nayo; hakuna kifungo kilichovutika, hakuna kunjo lililojitokeza.

Mama Fiti alikuwa amepanda juu ya kiti huko nyuma ili aone vizuri. Alitaka kusema neno lake, lakini furaha ilimzidi. Baba yake akamtafuta kwa macho mpaka akampata, akapitisha kiganja kwenye ukosi wa koti, akamsemea: "Fiti."